Mawimbi mawili ndani ya udongo mmoja: kupima anisotropia ya ukakamavu wa mfinyanzi laini

Chukua kipande cha mfinyanzi laini chenye kipenyo cha milimita 100, kiwe bado na unyevu wake wa asili. Pitisha ndani yake mawimbi mawili ya mkato, yote kwa njia ileile ya mlalo, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Wimbi la kwanza linazitikisa chembe juu na chini. La pili linazitikisa kushoto na kulia. Umbali ni mmoja, udongo ni mmoja, maji ni yaleyale, na bado mara nyingi hilo la pili ndilo linalotangulia kufika. Linatangulia kwa sehemu ya kumi ya milisekunde tu, pengine chini ya hapo.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo anisotropia ya ukakamavu: udongo unapinga kugeuzwa umbo kwa nguvu moja ukiusukuma wima, na kwa nguvu nyingine ukiusukuma mlalo. Chanzo chake ni namna udongo ulivyozaliwa. Chembe za mfinyanzi ni bapa kama magamba ya samaki. Zinapotua chini ya maji ya bahari huanza kwa kushikana ovyo, ukingo wa hii juu ya uso wa ile, lakini kadiri tabaka jipya linavyoongezeka juu, uzito unazilaza. Baada ya miaka elfu kadhaa unapata udongo wenye mlazo, na mlazo huo unafanana pande zote za mlalo ila si kwa wima.

Udongo wa aina hiyo unahitaji namba tano ili ukakamavu wake uelezwe kikamilifu: moduli ya wima Ev (moduli ni kipimo cha ukakamavu; v ni wima, h ni mlalo), moduli ya mlalo Eh, uwiano wa Poisson vvh unaosema udongo unatanuka mlalo kiasi gani ukibanwa wima, uwiano wa pili vhh wa mlalo kwa mlalo, na moduli ya mkato Gvh. Ile ya sita, Ghh, haijitegemei. Inatokana na Eh ikigawanywa kwa 2(1 + vhh). Udongo usio na anisotropia unahitaji namba mbili tu. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia hizo mbili, na ndiyo maana mahesabu yao yanakataa kulingana na vipimo vya uwanjani.

Mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili ni Bothkennar, Scotland, kando ya mlango wa mto Forth karibu na Grangemouth. Uwanja ule ulinunuliwa mwaka 1987 kwa fedha za utafiti za Uingereza ili uwe eneo la majaribio ya mfinyanzi laini, na mwaka 1992 jarida la Géotechnique likatoa toleo zima juu yake. Juu kuna gamba gumu la takriban mita moja, na chini yake mfinyanzi laini wa mlango wa mto. Somo lake kubwa kwa mada yetu ni kwamba udongo ule, unaoonekana mmoja kwa macho, una sura tatu. Kuna sehemu zenye matabaka ya kawaida, kuna zenye matabaka membamba sana kama kurasa za kitabu, na kuna zenye madoadoa kwa sababu wanyama wadogo wa baharini waliuchimbachimba ulipokuwa tope. Wachimbaji hao huvuruga mlazo wa chembe. Kwa hiyo ukichukua kipande kimoja kutoka sehemu ya madoadoa na kingine kutoka sehemu ya kurasa, usitarajie uwiano uleule wa ukakamavu wa mlalo kwa wa wima, na usiseme maabara imekosea. Pasua kipande kilichobaki, kiache kikauke nusu, kipige picha. Matabaka hujitokeza vizuri zaidi mfinyanzi ukiwa umekauka nusu kuliko ukiwa umelowa.

Pale Bothkennar pia ililinganishwa mitambo mitatu ya kuchukulia sampuli: bomba la pistoni, mtambo wa Laval wenye kipenyo cha milimita 200 hivi, na mtambo wa Sherbrooke unaochonga bonge la udongo lenye kipenyo cha milimita 250 na urefu wa milimita 350 bila kulisukumia bomba. Ukitaka anisotropia ya kweli, anza na bonge. Bomba linaposhuka hulibana kwanza tabaka lililo mbele yake, kisha hulivuta likishaingia ndani. Bomba lenye ukuta mnene na ncha butu hufikisha migeuko (badiliko la urefu likilinganishwa na urefu wa mwanzo) ya asilimia moja na kuzidi. Hiyo ni mara elfu ya mgeuko unaotaka kuupima. Kama bajeti hairuhusu bonge, tumia bomba la pistoni lenye ncha iliyochongwa nyuzi 5 na ukuta mwembamba. Kisha angalia ubora kwa hesabu nyepesi: rudisha kipande kwenye mikazo yake ya ardhini (nguvu kwa eneo iliyokuwa ikikibana), pima upungufu wa uwiano wa uwazi (ujazo wa nafasi kati ya chembe ukigawanywa kwa ujazo wa chembe), ugawe kwa uwiano wa uwazi wa mwanzo. Kwa mfinyanzi ambao mzigo mkubwa kabisa uliowahi kuubeba hauzidi mara mbili ya ule wa leo, jibu chini ya 0.04 ni zuri sana, 0.04 hadi 0.07 linaridhisha, na likipita 0.14 kipande hicho kitumie kwa vipimo vya uainishaji tu.

Andika juu ya kila kipande upande upi ulikuwa juu. Linaonekana jambo dogo, lakini kipande kilichogeuzwa ubavu bila mtu kujua hutoa uwiano kinyume, na hakuna programu itakayokuonya.

Sasa vipimo. Mawimbi hutumwa na kupokewa kwa vibao vidogo vya pizoseramiki, ambavyo maabara huviita benda. Kibao kikipewa umeme hupinda. Kikipindishwa na udongo hutoa umeme. Upana wake ni milimita 10 hivi, na kinachoingia ndani ya udongo ni milimita 2 hadi 5 tu. Umbo rahisi la kuweka ubavuni ni benda mbili zilizopangwa kama herufi T: moja hutikisa wima, nyingine mlalo. Kwa jozi moja ya T unapata mawimbi yote mawili kwa umbali uleule, jambo linalokuokoa na makosa mengi, kwani kosa la umbali hujifuta unapotafuta uwiano.

Kabla ya yote, gusanisha ncha za mtumaji na mpokeaji uso kwa uso na utume pigo. Muda utakaouona ni ucheleweshaji wa mtambo wenyewe, na huo unatolewa katika kila kipimo. Hapohapo utaona kama wimbi linaanza kwa kupanda au kushuka. Andika. Bila kujua hilo, utakuja kuchagua kilele kisicho chake.

Kwenye mfinyanzi laini, usiisukume benda moja kwa moja ubavuni. Tengeneza kwanza mwanya kwa wembe mwembamba, wenye kina sawa na kibao, kisha ingiza. Mwanya ukiwa mpana, panabaki maji kati ya kibao na udongo, na maji hayapitishi wimbi la mkato kabisa. Utaona ishara dhaifu na utadhani udongo ni laini mno. Tundu la mpira wa kufunikia kipande lizibwe kwa pete ya mpira na gundi ya mpira, kisha kipande kiachwe usiku mzima chini ya shinikizo kidogo ili uvujaji ujitokeze mapema. Nyaya zifungwe kwenye fremu. Uzito wa nyaya ukining'inia kwenye benda huvuta ubavu wa kipande laini chini, na asubuhi utakuta benda imeinama.

Masafa ya pigo ndiyo yanayowashinda wengi. Tuseme kasi ni mita 100 kwa sekunde. Kwa kilohazi 1, urefu wa wimbi ni milimita 100, na njia yako, kutoka ncha ya benda hadi ncha ya pili, ni milimita 94. Mtumaji na mpokeaji wako ndani ya wimbi moja, na kinachofika kwanza ni mchanganyiko unaochukua sura ya wimbi la mkato bila kuwa lenyewe. Panda hadi kilohazi 5: urefu unakuwa milimita 20, na njia inabeba mawimbi karibu 5. Hapo unaweza kusoma. Kanuni ya kazi ni angalau mawimbi 2 hadi 3 kwenye njia. Tuma pigo moja la sine kwa masafa manne au matano tofauti, na kama muda wa kufika unahama sana masafa yanapobadilika, bado hujalipata wimbi la kweli. Wimbi la mbano nalo hupita majini kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenye njia hii linafika baada ya milisekunde 0.06. Ukiliona pale, vizuri: udongo umejaa maji.

Tufanye hesabu, nami nitazitumia namba hizi za mfano hadi mwisho. Njia milimita 94, densiti kilo 1,600 kwa mita moja ya ujazo. Wimbi linalotikisa wima limefika kwa milisekunde 0.94, yaani mita 100 kwa sekunde. Densiti ukiizidisha kwa kasi kipeo cha pili unapata megapaskali 16, nayo ni Gvh. Wimbi linalotikisa mlalo limefika kwa milisekunde 0.83, yaani mita 113 kwa sekunde, na Ghh ni megapaskali 20.5. Uwiano wa Ghh kwa Gvh ni 1.28.

Mwaka 1983 Graham na Houlsby, wakifanyia kazi mfinyanzi wa Winnipeg, Kanada, walipendekeza namna ya kuzipunguza zile namba tano ziwe tatu kwa kutumia kipimo kimoja, alfa. Katika mfumo wao alfa ni uwiano uleule wa Ghh kwa Gvh, na Eh kwa Ev ni alfa kipeo cha pili. Kwa hiyo kwetu alfa ni 1.28 na Eh ni mara 1.64 ya Ev. Ukichagua uwiano wa Poisson wa 0.2, Ev inakuwa megapaskali 30, Eh megapaskali 49, na vvh 0.16. Ni njia ninayoipenda kwa kazi za kawaida kwa sababu haiwezi kukupa namba zinazovunja kanuni za nishati. Mtu anayejibunia namba tano moja moja huweza kupata udongo unaotoa nguvu bila kupewa, na programu ikakataa kufika kwenye jibu.

Sasa angalia ubaya wa kusoma vibaya. Badala ya 0.83 soma 0.86, kosa la milisekunde 0.03, ambalo kwenye skrini ni upana wa mstari mnene. Alfa inashuka hadi 1.19. Soma 0.80, inapanda hadi 1.38. Uwiano wa Eh kwa Ev unayumba kati ya 1.43 na 1.91. Yaani kwa kosa la kidole kwenye kipanya, umehama kutoka anisotropia ndogo hadi kubwa. Ndiyo maana ripoti inayotoa alfa bila kuonyesha michoro ya mawimbi haistahili kuaminiwa.

Swali linalofuata ni hili: hiyo 1.28 ni ya udongo wenyewe au ya mikazo iliyo juu yake? Wimbi la mkato huhisi mkazo wa upande linakopita na mkazo wa upande linakotikisa. Gvh inategemea wima na mlalo. Ghh inategemea mlalo pekee. Kila mkazo ukichukuliwa na kipeo cha 0.25, makadirio ya kawaida, uwiano unaoupima ni uwiano wa asili ukizidishwa kwa K0 kipeo 0.25, K0 ikiwa ni mkazo fanisi wa mlalo (sehemu inayobebwa na chembe, si na maji) ukigawanywa kwa ule wa wima. K0 ya 0.6 inatoa 0.88. Kwa hiyo mlazo wenyewe wa chembe una uwiano wa 1.45, na mikazo ya ardhini imeuficha hadi 1.28. Mfinyanzi uleule ungelikuwa umewahi kubebeshwa mzigo mkubwa na K0 yake ikawa 1.5, ungepima 1.6. Hii ndiyo sababu ripoti za mfinyanzi mgumu wa Uingereza kama wa London au Gault zisinakiliwe kwenye mfinyanzi laini, hata kama chembe zinafanana. Pima kwanza kwenye mikazo ya ardhini, kisha rudia kipande kikiwa chini ya mikazo sawa pande zote. Ukishakuwa na yote mawili unaweza kutenganisha.

Maabara isiyo na benda haijakosa yote. Mtambo wa traiaksia wa kawaida, unaokibana kipande wima huku shinikizo likikizunguka pembeni, unaonyesha anisotropia, nao ni ushahidi wa pili unaopaswa kukubaliana na wa kwanza. Bana kipande wima bila kuruhusu maji kutoka. Udongo ulio sawa pande zote, ukiwa bado nyumbufu (yaani ukiachiwa hurudi umbo lake), hauhamishi mkazo fanisi wa wastani hata kidogo. Ukiongeza kilopaskali 10 za tofauti ya mikazo ya wima na mlalo, shinikizo la maji linapanda kwa 3.3 tu, theluthi ya nyongeza. Ila udongo wetu wa alfa 1.28 hufanya vingine: ukiushindilia wima unataka kutanuka mlalo, mlalo ni mkakamavu zaidi, mkazo fanisi wa mlalo unaporomoka, na maji yanabeba tofauti. Kwa namba zetu mkazo fanisi wa wastani unashuka kwa kilopaskali 1.75 na shinikizo la maji linapanda kwa 5.1. Hakuna kilichovunjika humo, ni unyumbufu mtupu. Anayesoma 5.1 huku akili yake iko kwenye theluthi atasema udongo umeshaanza kulegea, yaani kugeuka umbo bila kurudi, na atakadiria mzigo wa kulegea chini kuliko ulivyo.

Sehemu inayofaa kwa usomaji huo ni fupi sana, mwanzo kabisa wa mchoro. Mfinyanzi laini hulegea mapema, na ukishalegea mteremko wa njia ya mikazo unasimulia habari nyingine. Vipimo vya nje ya kipande havitoshi. Funga vihisi moja kwa moja ubavuni: kwa urefu wa milimita 50, mgeuko wa asilimia 0.001 ni nusu ya mikromita, kwa hiyo kihisi chako lazima kione chini ya sehemu ya kumi ya hapo. Kabla ya kubana, subiri kutambaa kwa kipande kupungue hadi sehemu moja kwa mia ya kasi utakayobania. Ukikosa subira hapa, unapima kutambaa huku ukidhani ni ukakamavu. Na bana polepole, maana shinikizo la maji linalosomwa chini ya kipande linahitaji muda kulingana na la katikati.

Wengine hukata kipande kilicholazwa, mhimili wake ukiwa mlalo, ili wapate Eh moja kwa moja. Inawezekana, lakini ukikibana kipande hicho kwa shinikizo sawa, upande mmoja wa duara unaingia zaidi ya mwingine na duara linakuwa yai. Kihisi kimoja cha kipenyo hakitoshi. Weka viwili vinavyopishana nyuzi 90.

Uwanjani kila kifaa kina upande wake. Koni ya mitetemo, ile ya kupiga ubao kwa nyundo juu na kusikiliza chini, hutoa Gvh kwa wimbi linaloshuka wima. Mashimo mawili ya jirani yenye chanzo kinachopiga juu na chini nayo hutoa Gvh, kwa wimbi linalopita mlalo. Kinadharia hizo mbili ni sawa. Zikitofautiana, mara nyingi kuna matabaka membamba magumu ambayo wimbi la mlalo limeyatafuta na kupita humo. Ghh huja kwa chanzo kinachozungusha ukuta wa shimo, au kwa presha-mita inayojichimbia, bomba linalojichimbia shimo kisha kutanuka, kwani inapotanuka hukata udongo kwenye bapa la mlalo. Kwa hiyo mtu asilinganishe presha-mita na koni na kutangaza kwamba moja imeharibika.

Kwenye programu ya elementi finiti, inayoigawa ardhi vipande vidogo ili kukokotoa migeuko yake, kuna mtego mmoja ambao naona lazima niutaje kwa sauti. Megapaskali 30 na 49 za hapo juu ni za migeuko midogo mno. Chini ya tuta la barabara migeuko inapita hapo mara mia, na ukakamavu unakuwa umeshuka sana. Alfa inaweza kuingia kwenye modeli inayopunguza ukakamavu kadiri mgeuko unavyokua. Moduli hizi kuziingiza kwenye modeli ya mstari mnyoofu ni kujidanganya kwamba tuta halitadidimia. Ukihesabu bila maji kutoka, kumbuka pia kwamba Eh haiwezi kuzidi mara 4 ya Ev. Ukiona namba hiyo popote, rudi kwenye mawimbi.

Mtego wa pili ni kuchanganya anisotropia mbili. Ile ya unyumbufu ndiyo tuliyoipima. Nyingine ni ya kulegea: mpaka wa mikazo ambao udongo unaanza kuharibika umeinama kuelekea upande uliobebeshwa mzigo tangu zamani, nao huzunguka taratibu mzigo mpya unapokuja. Modeli ya S-CLAY1 iliyotokana na mfinyanzi wa Finland na kuchapishwa mwaka 2003 inashughulikia hiyo. Kwa tuta lililojengwa juu ya mfinyanzi laini na kuachwa miaka, ya kulegea ndiyo inayotawala mdidimio, na pia usogeaji wa pembeni ambao modeli za kawaida huukuza kupita kiasi. Kwa handaki, kwa ukuta wa shimo refu jirani na majengo, kwa msingi wa mashine inayotetemeka, ya unyumbufu inarudi kiti cha mbele: hapo migeuko ni midogo, na umbo la bonde la mdidimio juu ya ardhi linategemea sana Gvh.

Kwa wanaofanya kazi kwenye udongo mweusi wa mbuga, Tanzania au Kenya: namba hizi zisihamishwe huko. Udongo ule hauna maji kamili, unavimba na kupasuka kila msimu, na nyufa zake za wima hukata njia ya wimbi la mlalo. Katika kiangazi unaweza kukuta mlalo ni dhaifu kuliko wima kwa sababu ya nyufa tu, na baada ya mvua za masika uwiano ukageuka. Huko andika tarehe na unyevu pembeni ya kila usomaji wa kasi, na pima misimu yote miwili.